Fransaizi ya mgahawa wa kuku: ugomvi wa mwenye chapa na wenye matawi huanzia wapi?

MamaJiko_DSM

Wakuu, habari za jioni. Tuna mgahawa wa kuku na chipsi hapa Dar, matawi matatu, yote yetu. Sasa wapo watu wanne wanaotaka kufungua kwa jina letu, yaani fransaizi: Tegeta, Mbezi Luis, Morogoro na Dodoma. Rasimu ya mkataba inasema hivi: ada ya kuingia shilingi milioni 15, mrabaha (malipo ya kutumia jina letu) asilimia 6 ya mauzo kila mwezi, mfuko wa matangazo asilimia 2, kuku na viungo vyote watachukua jiko kuu letu, bei na ofa tunapanga sisi, muda miaka 5, na kila mmoja ana "eneo la kipekee la kilomita 2".

Mwanasheria anapitia lugha. Ninachotafuta hapa ni watu wanaojua hesabu na uendeshaji wa fransaizi: ugomvi kati ya mwenye chapa na mwenye tawi huanzia wapi hasa, na ni kitu gani husimamisha biashara kabisa? Nioneshwe kwenye rasimu hii hii palipo na shida, hata kama ni kwangu.

---

Mhasibu_Ilala

Dada, shida ya kwanza ni hiyo asilimia 6 ya mauzo ikikaa pamoja na "bei na ofa tunapanga sisi". Wewe unalipwa kwenye mauzo, mwenye tawi anakula kwenye faida. Mambo yakienda vizuri hakuna atakayeiona tofauti hiyo. Siku mauzo yakipanda huku faida ikishuka, mtagombana, na kila mmoja atakuwa na karatasi inayomuunga mkono.

Chukua tawi linalouza milioni 40 kwa mwezi kabla ya VAT. Kuku, viazi, mafuta na viungo asilimia 38, yaani milioni 15.2. Mishahara 7.2. Pango 4. Umeme, gesi na maji 2.4. Vifungashio 1.6. Usafiri, leseni, matengenezo na mengineyo 2.4. Mrabaha 2.4, matangazo 0.8. Jumla milioni 36. Anabaki na milioni 4, na humo hajalipa kodi ya mapato wala rejesho la mkopo aliojengea tawi.

Sasa ninyi mnatangaza ofa, punguzo la asilimia 20 mwezi mzima. Tuseme ofa imepokelewa vizuri na idadi ya sahani imepanda kwa asilimia 30. Mauzo yanakuwa milioni 41.6. Malighafi inapanda hadi 19.76, vifungashio 2.08, mrabaha na matangazo 3.33, mengine tuyaache palepale. Anabaki na shilingi 432,000. Mrabaha wako umepanda kutoka 2,400,000 hadi 2,496,000, na faida yake imepungua mara tisa. Hapo bado sijaongeza mfanyakazi hata mmoja wa kubeba hizo sahani za ziada.

Kisa cha aina hii kilifika mahakamani Marekani mwaka 2009. Chama cha wenye matawi ya Burger King kiliishitaki kampuni kwa kuwalazimisha kuuza burger ya jibini yenye vipande viwili vya nyama kwa dola 1, wakisema gharama yake kwao ilikuwa si chini ya dola 1.10. Japani nako, mwaka huohuo, mamlaka ya ushindani iliiamuru 7-Eleven iache kuwazuia wenye maduka kushusha bei ya vyakula vinavyokaribia kuharibika. Kule ada ya kampuni ilihesabiwa kwenye faida ghafi (mauzo kutoa gharama ya bidhaa zilizouzwa), na gharama ya chakula kilichotupwa haikupunguzwa kabla ya kuhesabu. Kwa hiyo chakula kikitupwa, hasara karibu yote ilikuwa ya mwenye duka, wakati punguzo la bei lingegusa pande zote mbili. Baada ya amri ile kampuni ikakubali kubeba asilimia 15 ya gharama ya vyakula vinavyotupwa.

Kwa hiyo kwenye rasimu yako ningeandika: ofa isiyozidi siku 10, si zaidi ya mara 4 kwa mwaka, taarifa itolewe siku 21 kabla, na kwa mauzo ya bidhaa ya ofa mrabaha ushuke hadi asilimia 3. Ukishiriki kwenye maumivu ya punguzo, utafikiri mara mbili kabla ya kulitangaza.

Pili, neno "mauzo" lenyewe halijafafanuliwa. Je, ni pamoja na VAT? Sahani ya 11,800 ina VAT ya 1,800 ambayo si mali ya mtu yeyote kati yenu. Ukitoza 6% juu ya 11,800 unachukua 708 badala ya 600. Na chakula kinachoagizwa kwa programu za simu: oda ya 20,000, programu ikikata asilimia 25, tawi linapokea 15,000. Mrabaha na matangazo asilimia 8 unauhesabu juu ya ipi? Lolote mtakalokubaliana ni sawa, ila liandikwe kwa mfano wa hesabu ndani ya mkataba, kama nilivyofanya hapa.

Tatu, kodi ya zuio. Mrabaha Tanzania una zuio la asilimia 15, na mwenye tawi ndiye anayelikata na kulipeleka TRA. Mikataba mingi iliyonakiliwa kutoka nje ina kifungu kinachosema mrabaha ulipwe "kamili bila makato yoyote". Maana yake zuio linatoka mfukoni mwa mwenye tawi: kihesabu ni 6 gawanya kwa 0.85, yaani asilimia 7.06, na mwenye tawi hulijua hilo siku TRA wanapokuja kukagua. Kama kifungu hicho kimo kwenye rasimu yako, kitoe.

Mfuko wa matangazo sitauzungumzia sana. Akaunti yake iwe peke yake, taarifa itoke kila robo mwaka ndani ya siku 30, na wenye matawi wawili wawe na haki ya kuona stakabadhi. Tena matawi yenu matatu nayo yachangie asilimia 2 ileile. Yasipochangia, watu wa Dodoma watauliza kwa nini wanalipia mabango ya Sinza, na watakuwa na haki.

---

Stoo_na_Ugavi (Nairobi)

Hujambo dada. Mimi naingia kwenye hilo la jiko kuu, maana hapo ndipo fransaizi inaposimama ghafla, mchana kweupe, wateja wakiwa kwenye foleni.

Mifano miwili mnaijua. Februari 2018, KFC Uingereza walihamisha usambazaji kutoka Bidvest kwenda DHL, na ndani ya siku chache zaidi ya nusu ya matawi yao kama 900 yakafungwa kwa kukosa kuku. Hapa Kenya, Januari 2022, KFC waliishiwa chipsi. Viazi vyao vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, meli zikachelewa, na wakati huohuo wakulima wa hapa nyumbani walikuwa na viazi mashambani. Tatizo lilikuwa kwamba msambazaji wa hapa hakuwa amepitishwa kwenye utaratibu wa ubora wa chapa, na kumpitisha mtu si kazi ya siku mbili. Watu walikasirika mitandaoni, na kampuni ikaahidi kuangalia wauzaji wa hapa.

Rasimu yako ina jiko moja na matawi saba. Tuseme kila tawi linatumia kuku 120 kwa siku: 840 kwa siku, na akiba ya siku mbili tu ni kuku 1,680. Kwa kuku wa kilo 1.2 hizo ni takriban tani mbili za nyama zinazohitaji ubaridi. Je, chumba chenu cha baridi kinabeba? Jenereta inakiendesha saa ngapi umeme ukikatika? Gari la baridi likiharibika njiani, kuna la pili? Dar hadi Dodoma ni takriban kilomita 450. Kabla hujasaini na mtu wa Dodoma, pitisha mchinjaji wa palepale kwa viwango vyako, umpe orodha ya uzito, umri wa kuku na namna ya kukata, ubaki wewe na viungo peke yake. Viungo vikavu vinasafiri vizuri na ndiyo siri yako. Kuku mbichi si siri ya mtu.

Halafu hasara ya njiani ni ya nani? Hili huleta ugomvi wa kila wiki. Andika hivi: kuku wa baridi anapokelewa akiwa nyuzi 0 hadi 4, dereva na mpokeaji wanapima pamoja katikati ya kreti, si juu, wanaandika namba na kusaini. Ikizidi nyuzi 4 mzigo unarudi kwa gharama ya jiko kuu. Ikishasainiwa, hasara ni ya tawi. Bila karatasi hiyo, kila kuku aliyeoza ataleta simu ya saa nzima kati yako na mwenye tawi.

Sasa bei. Mhasibu amehesabu malighafi milioni 15.2 kwa bei ya soko. Jiko kuu likiongeza asilimia 12 juu ya bei ya soko, hiyo ni 1,824,000 kwa mwezi, karibu nusu ya ile milioni 4 anayobaki nayo mwenye tawi. Atajua tu. Ataingia sokoni asubuhi moja, aulize bei, apige hesabu, na kuanzia hapo atanunua kuku wa pembeni na kukuonesha stakabadhi zako chache. Quiznos ya Marekani ilikumbana na mashitaka mengi ya wenye matawi kwa jambo hili: walilazimika kununua chakula na vifungashio kwa kampuni tanzu ya mwenye chapa, kwa bei waliyodai ni ya juu. Mwaka 2007 ilikuwa na matawi karibu 5,000. Mwaka 2014 iliomba ulinzi wa ufilisi. Haikuwa sababu pekee, lakini iliwapunguzia wenye matawi nguvu.

Ushauri wangu: chagua sehemu moja ya kupata pesa. Kama ni mrabaha, jiko kuu liuze kwa gharama jumlisha asilimia 3 au 4 ya uendeshaji, na hesabu hiyo ikaguliwe mara moja kwa mwaka na mtu wa nje. Kama ni faida ya jiko, futa mrabaha. Ukichukua kote kuwili, na moja ukaificha, mtagombana hata kama kuku ni mtamu namna gani.

---

Wakili_Kinondoni

Nakubaliana na waliotangulia, ila Mhasibu, hiyo ya kushusha mrabaha hadi asilimia 3 wakati wa ofa itakuwa ngumu kuisimamia kama mashine ya mauzo haitenganishi bidhaa za ofa. Ni rahisi zaidi kuweka ukomo wa siku na kumpa mwenye tawi haki ya kukataa ofa mbili kwa mwaka bila kuulizwa.

Kuhusu bei, "bei tunapanga sisi" iangaliwe na mwanasheria wenu kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya 2003, hasa kwa kuwa ninyi wenyewe mna matawi yanayouza kitu kilekile. Mkivuka kwenda Kenya, sheria yao ya 2010 inakataza kumlazimisha muuzaji bei ya chini ya kuuzia. Bei ya mapendekezo inaruhusiwa, iandikwe wazi kuwa ni pendekezo.

Kuhusu eneo. "Kilomita 2" kutoka wapi? Ni kilomita 2 kila upande au ni kipenyo? Tofauti yake ni mara nne kwa ukubwa wa eneo. Achana na namba, chora ramani yenye majina ya barabara, ibandikwe kama kiambatisho na isainiwe. Kisha orodhesha unachobakiza mkononi: je, unaweza kuweka kibanda kwenye kituo cha mafuta ndani ya eneo lake? Kuuza kuku wenu waliogandishwa supamaketi? Kuhudumia harusi? Na oda za simu: mteja wa Tegeta akiagiza, programu ikampeleka tawi lako la Mwenge kwa sababu ndilo lenye ofa, eneo la kipekee limebaki na maana gani? Sema wazi kwamba oda inapelekwa tawi ambalo mteja yuko ndani ya ramani yake, isipokuwa limefungwa au limeelemewa kwa zaidi ya dakika 45.

Kuhusu taarifa kabla ya kusaini. Tanzania na Kenya hazina sheria mahususi ya fransaizi, kwa hiyo kila kitu kinabebwa na mkataba wenu, Sheria ya Mikataba na sheria za alama na ushindani. Kwa sababu hiyo ningeazima utaratibu wa kwingine. Marekani mwenye chapa hutoa hati yenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla mtu hajasaini wala kulipa. Humo kuna kesi alizonazo, ada zote, matawi yaliyofunguliwa na kufungwa, na hesabu zake zilizokaguliwa. Afrika Kusini, chini ya sheria yao ya kumlinda mlaji ya 2008, aliyenunua fransaizi anaweza kujitoa ndani ya siku 10 za kazi baada ya kusaini. Wewe toa hati ya kurasa kumi: mauzo halisi ya matawi yako matatu mwezi kwa mwezi kwa miaka miwili, gharama za kujenga tawi hadi vijiko, na idadi ya miezi ambayo tawi lilichukua kufikia kujilipa. Usimwambie mtu "utauza milioni 40". Mwambie tawi fulani liliuza kiasi gani, lipo wapi na pango lake ni kiasi gani. Kesi nyingi za "nilidanganywa" zinatokana na namba iliyosemwa kwa mdomo kwenye chai.

Jina lenyewe limesajiliwa? Si jina la biashara tu, alama ya biashara na huduma, kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Na usajili wa Bara hauvuki kwenda Zanzibar, kule unasajili upya kwa wakala wao, BPRA. Ukikodisha jina ambalo hujalisajili, mwenye tawi mjanja anaweza kukutangulia, na ndipo utakapokuwa wewe unayeomba ruhusa.

Kutoka. Rasimu yako haina neno juu ya siku ya kuachana. Pango liko kwa jina la nani? Kama ni la mwenye tawi, weka kwenye mkataba wa pango kifungu kinachoruhusu chapa kulichukua. Namba ya simu ya oda, ukurasa wa Instagram wa tawi na lipa namba, je? Kurasa na namba za oda ziwe za chapa toka siku ya kwanza. Mabango yatolewe ndani ya siku 14. Vifaa vinunuliwe kwa thamani iliyoshuka kwa asilimia iliyotajwa kila mwaka. Katazo la kufungua biashara ileile liwe la miezi 12 na ndani ya ramani yake. Ukimkataza mtu miaka mitano nchi nzima, mahakama haiwezi kukupenda.

Kuachana vibaya kunafunga milango. McDonald's ya kaskazini na mashariki mwa India iligombana na mshirika wake kuanzia 2013, walipomwondoa kwenye ukurugenzi. Agosti 2017 kampuni ilivunja mkataba wa matawi 169, mshirika akaendelea kuyaendesha, Desemba msafirishaji akasimamisha ugavi na matawi zaidi ya 80 yakafungwa. Suluhu ilipatikana 2019. Miaka sita, na wafanyakazi walikuwa katikati muda wote.

---

MamaJiko_DSM

Ahsanteni sana wakuu. Hilo la jiko kuu limenigusa, kwa kweli rasimu ina nyongeza ya asilimia 10 na mrabaha palepale, na haijaandikwa popote. Nitaitoa.

Bado mambo mawili. Nitajuaje mauzo anayoniletea ni ya kweli bila kumfanya ajisikie anachungwa? Na asipolipa mrabaha miezi miwili, nimzuilie kuku?

---

Mkaguzi_wa_Matawi

La mauzo: hakuna kumchunga mtu kukiwa na vipimo ambavyo vinajitokeza vyenyewe. Chukua vitatu. Kwanza ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ya kila siku, ipigwe picha na kutumwa kabla ya saa nne asubuhi inayofuata. Pili, vifungashio vyenye nembo vitoke kwako tu. Boksi 6,000 zilizochukuliwa, toa zilizobaki stoo na zilizoharibika, ulinganishe na sahani zilizouzwa. Tatu, kuku waliopokelewa. Kuku mmoja kwa mwongozo wenu hutoa vipande vingapi? Kama ni 9, kuku 3,600 ni vipande 32,400. Toa asilimia 3 ya upotevu wa kawaida. Namba tatu zikikaribiana, usiulize kitu. Zikiachana kwa zaidi ya asilimia 3 miezi miwili mfululizo, mkaguzi wa nje anaitwa: tofauti ikithibitika, tawi linalipa ukaguzi, isipothibitika, unalipa wewe. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya wakubali.

Hakikisha pia ubora unapimwa kwa namba. "Usafi wa kuridhisha" ni mlango wa ugomvi, kwa sababu mkaguzi akikosana na mwenye tawi, hakuna tena kinachoridhisha. Andika: katikati ya kipande kinene nyuzi 74 kikitoka kikaangoni, kabati la joto lisishuke chini ya 60, friji isizidi 5, mafuta yabadilishwe kipimo cha polari (kinachoonesha mafuta yalivyochakaa) kikifika asilimia 24. Hesabu zinakusanywa kwenye fomu moja, nakala inabaki tawini siku hiyohiyo.

La kuzuia kuku: usianze nalo. Ukimkatia ugavi tawi linafunga, linapoteza mauzo ambayo yangekulipa, na mteja aliyekuta mlango umefungwa analaumu jina lako, hamjui mwenye tawi. Weka ngazi. Siku 7 za kuchelewa, barua. Siku 14, kikao, na kila upande unakuja na hesabu za tawi hilo za miezi mitatu. Hapo mtajua kama hataki au hana. Kama hana kwa sababu pango limepanda au barabara inajengwa mbele ya mlango, gawanyeni deni kwa miezi 6, mrabaha wa sasa ukiendelea. Kama hataki, siku ya 21 ugavi unageuka wa kulipa kwanza: kuku wanashushwa pesa ikishaingia. Jiko linaendelea, deni haliongezeki. Siku ya 45 shauri linakwenda kwa msuluhishi mliyemtaja kwenye mkataba, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020, mahali pawe Dar, na gharama zigawanywe nusu kwa nusu hadi uamuzi utoke.

Riba ya ucheleweshaji itaje kwa namba na iwe ya kawaida, kama asilimia 1.5 kwa mwezi, isiyojizalisha. Na kifungu kimoja ambacho rasimu nyingi husahau: jiko kuu likishindwa kupeleka mzigo kwa saa 24, mwenye tawi aruhusiwe kununua kwa muuzaji wa pili aliyepitishwa, na mrabaha wa siku hizo usitozwe. Kama wewe una adhabu kwake na yeye hana yoyote kwako, atakapochelewa kulipa ataona anajilipa fidia yake mwenyewe.